Mbona Mwinyi Mkuu hatishi mtu?

Kila gari ya Chwaka ilipokaribia Dunga, bibi alikata mazungumzo. Hata awe katikati ya habari tamu ya harusi ya watu, alinyamaza, akaivuta kanga hadi kwenye paji, midomo ikichezacheza kwa dua, na hakuendelea mpaka tumelipita gofu la kasri la zamani. Sisi wajukuu hatukuuliza. Kuta zile zilikandwa kwa damu ya watumwa, na usiku wenyewe huja kuidai. Hilo tulilijua kabla hatujajua kusoma. Wako waliosema husikika mtoto analia, na wako waliosema ni minyororo. Dereva mmoja aliapa kwamba taa za gari humzimikia palepale kila anapopita peke yake baada ya isha. Konda wake akaapa kwamba ni betri.

Nimekua, nimelitembelea gofu lile zaidi ya mara moja, mchana na magharibi inapoingia. Sitadai kwamba nimeona kitu. Nitakiri kwamba mara ile ya magharibi sikukaa sana. Lakini kadiri nilivyosikiliza hadithi za Dunga, kwa watu wa Dunga wenyewe, kwa wa mjini na kwa wale waliohamia Muscat ambao bado hushusha sauti wakilitaja jina hilo, ndivyo swali moja lilivyozidi kunikaa. Anayetokea siku zote ni mtumwa. Mwenye nyumba hatokei. Sijapata kusikia hata mara moja kwamba mtu alikutana na Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji aliyelijenga kasri hilo, akizunguka barazani mwake na bakora mkononi. Kwa nini?

Swali si la mchezo, maana kama kuna mtu aliyestahili kubaki na nguvu baada ya kufa, ni yeye. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alijenga kasri la Dunga, katikati ya Unguja, kati ya mwaka 1846 na 1856, naye akafa 1865 akiwa mzee sana. Watu wake walimwogopa kwa mambo makubwa kuliko taa za gari. Husimuliwa kwamba alipokosana na Seyyid Said, Sultani wa Oman, mvua ilikatika kisiwani hadi wakapatana. Alikuwa na siwa, ile pembe ya kupulizwa ya watawala, na ngoma za enzi, na ngoma zile, wazee wanasema, zililia zenyewe hatari ikikaribia. Leo ni vitu vya makumbusho, vimepewa namba, na havijalia siku nyingi. Mwanawe Ahmed alimrithi, akafa kwa ndui mwaka 1873 bila kuacha mtoto wa kiume, na cheo cha Mwinyi Mkuu kikafia hapo.

Ukoo uliokatika hivyo, wenye siwa na ngoma na amri juu ya mvua, ungetosha kuzaa mizimu ya kizazi kizima. Haukuzaa hata mmoja. Waliobaki kutisha ni watu wasiojulikana hata majina.

Nianze na damu, kwa sababu ndipo hadithi inaposhikwa kirahisi.

Nyumba za mawe za Unguja zimejengwa kwa matumbawe. Jiwe hilohilo likipangwa kwenye lundo la kuni na kuchomwa siku kadhaa ndilo huwa chokaa. Ikamwagiwa maji, ikaachwa ikomae, kisha ikakandwa pamoja na mchanga na udongo mwekundu. Tazama ukuta wa zamani uliobanduka lipu, popote Mji Mkongwe, utaona katikati ya mawe meupe ule mchanganyiko ulioingia wekundu, kama nyama. Mvua ikipiga, hutiririka. Mtoto akiambiwa ni damu, ataonaje kuwa si damu? Mimi niliiona kwa macho yangu nikiwa na miaka tisa na nikaamini, na hata leo nikijua ni udongo, jicho langu linaanza na damu ndipo linarudi kwenye udongo.

Lakini udongo peke yake hautoshi kuzaa hadithi, la sivyo kila nyumba ya Shangani ingekuwa na ya kwake. Kuna jambo la pili, la mila. Kwetu nyumba haianzwi bila kafara. Mbuzi huchinjwa kwenye msingi, dua ikasomwa, na wengine, hasa zamani, walizika fingo, yaani dawa ya kinga, pembeni ili nyumba izindikwe isiingiliwe na mabaya. Damu kwenye msingi, basi, si kitu kigeni kwa mtu wa pwani. Ni jambo la heri, na nyama yake huliwa pilau. Anayesimulia Dunga anachukua mila hiyo anayoijua na kuigeuza. Anasema: huyu tajiri hakuchinja mbuzi. Katika sentensi hiyo moja kuna hukumu nzima juu ya mtu aliyekuwa na watu wengi wa kutumia hata akawaweka daraja moja na mnyama wa kafara. Hakuna aliyehitaji kusoma historia ili aifikie hukumu hiyo. Ilitosha kujua mbuzi ni wa nini.

Sasa kisima. Hapa ndipo penye uzito, na ndipo watu wengi wanaopenda kupuuza hadithi za vibwengo huanza kunyamaza kidogo. Habari ilivyotufikia ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, gofu lilipokuwa likisafishwa, kilikutwa kisima kilichojaa mifupa ya watu hadi nusu.

Inafaa tujiulize nani ametuletea habari hiyo. Ni Waingereza wa enzi ya himaya, iliyoanza 1890. Hawa walikuwa na sababu zao za kuandika kwamba watawala waliowatangulia walikuwa wachinjaji. Mtu anayechukua nchi ya mwenzake hupenda kuonyesha kwamba mwenyewe hakuwa akiitunza. Kwa hiyo mimi siipokei habari ya kisima kama inavyopokelewa mitaani, kwamba basi imethibitika, walichinjwa. Mifupa kisimani inathibitisha kitu kimoja tu: kuna watu walitupwa kisimani.

Walitupwa kwa sababu gani? Mtu mwenye kufikiri kwa utulivu atataja maradhi. Kipindupindu kiliipiga Unguja vibaya zaidi ya mara moja karne hiyo. Kile cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Ndui ndiyo iliyomuua Mwinyi Mkuu wa mwisho mwenyewe. Katika siku kama hizo maiti hushinda nguvu za wazikaji, na shimo lolote lililo karibu hugeuka kaburi. Naliona wazo hili lina akili, na kwa muda fulani nilidhani limemaliza mjadala.

Halijamaliza. Tuulize: katika kisiwa cha Waislamu, maiti ya nani hutupwa kisimani? Mwenye mtoto, mwenye kaka, mwenye mtaa, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa, huwekwa kwenye mwanandani akielekezwa kibla, hata kama wazikaji ni watatu na wote wanaumwa. Kuzika ni faradhi ya kutoshelezana. Mmoja akiifanya, wengine wamevuliwa mzigo. Anayekosa hata huyo mmoja ni yule asiye na mtu. Na Unguja ya miaka hiyo ilikuwa na maelfu ya watu wasio na mtu, waliotolewa Unyasa na bara ya mbali, wakavushwa bahari, wakauzwa. Wageni waliofika Zanzibar kabla soko la watumwa halijafungwa mwaka 1873 waliandika juu ya maiti za watumwa zilizoachwa ufukweni. Hao hawakuuawa kwa kafara wala kwa visa. Walikufa tu, na hapakuwa na wa kuwabeba.

Kwa hiyo ukiikubali hadithi ya damu, unawakuta watumwa. Ukiikataa, ukashika maelezo ya mtu msomi ya maradhi na upungufu wa makaburi, unatembea njia ndefu zaidi na kuwakuta walewale. Ndiyo maana nasema msimulizi wa Dunga, ambaye hajui lolote juu ya kipindupindu cha 1869, amekosea njia lakini hakukosea nyumba. Na ndiyo sababu, nadhani, Mwinyi Mkuu hatokei. Yeye alizikwa. Alisomewa hitima, ana jina la baba na la babu, ana mwaka wa kufa kwenye vitabu. Katika fikra za watu wetu anayezunguka ni yule ambaye shughuli yake haikumalizwa.

Ushahidi mwingine wa hili uko mjini, mbele ya Forodhani. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, nyumba ya kwanza huku kwetu kuwa na umeme na lifti, na ndiyo maana ikaitwa ya maajabu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofika hata saa moja, na upande wa Sultani watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wengi hapohapo majumbani mwa Sultani na viwanjani mwake. Damu nyingi, mahali pamoja, asubuhi moja. Ungetegemea kwamba askari wale ndio wangekuwa mizimu ya Forodhani. Mimi nimelelewa mjini na sijawasikia. Ninachosikia, tangu utotoni hadi leo, ni kwamba chini ya nguzo za Beit al-Ajaib wamezikwa watumwa. Waliokufa 1896 wana tarehe yao, watoto wanaulizwa habari zao kwenye mitihani. Waliobeba mawe na chuma cha jumba lile hawana hata mstari.

Vyaelea, vimeundwa, tunasema, na methali huishia hapo bila kumtaja mwundaji.

Dunga ina jambo jingine linalowasumbua watu kimyakimya, na sijui kama nitaliweka vizuri. Tangu Mapinduzi ya Januari 1964, habari ya utumwa kwa lugha ya majukwaani imekuwa na sura moja: bwana ni Mwarabu wa Oman, mtumwa ni Mwafrika. Sura hiyo haikutoka hewani. Masultani walikuwa na mashamba ya karafuu na mashamba yalilimwa na watumwa. Ila Mwinyi Mkuu hakuwa Sultani wa Oman. Alikuwa mtawala wa wenyeji, wa Wahadimu, aliyekuwepo kabla Seyyid Said hajahamishia makao yake Unguja, na aliyebakizwa kwa makubaliano ili awatoze kodi na kuwatoa kazini watu wake mwenyewe. Hata hilo jina la Wahadimu lina asili ya Kiarabu yenye maana ya watumishi. Alipokuwa akijenga Dunga, mamlaka yake halisi yalikuwa yanamtoka kila mwaka, na pengine ndiyo sababu alitaka ukuta mnene. Nimeona watu wengi hujenga sana wakati ambapo hawana tena la kufanya.

Sasa mizimu ya Dunga inamsema nani? Inamsema mtawala wetu. Haisemi "wao walitutenda". Inasema nyumba ya mwenyeji, katikati ya mashamba ya wenyeji, nayo ilijengwa kwa jasho la watu walionunuliwa. Hilo ni neno ambalo mwalimu wa historia wa zama zangu asingelisema darasani kwa raha. Bibi, ambaye hakukanyaga skuli, alilisema kila gari ilipofika pale, kwa kunyamaza.

Nisiwapambe mno wasimulizi, lakini. Wanaosimulia ni wajukuu wa Wahadimu, nao waliambiwa na babu zao, na babu zao walitoa kodi na nguvu kazi kwa Mwinyi Mkuu yuleyule. Hata hivyo kwenye hadithi waliokufa ni "watumwa", watu wengine, waliotoka mbali. Hakuna anayesema "mzee wetu fulani alikandwa ukutani". Huenda haikutokea. Huenda pia ni rahisi zaidi kuogopa mzimu wa mgeni kuliko kukumbuka unyonge wa babu yako. Kila hadithi ya kutisha ina mahali inapofunika huku inafunua, na ya Dunga inafunika hapo.

Kuna mahame mengine pwani hii ambako mambo yamekaa kinyume kabisa, na mfano wake unanisaidia kuona kwamba sijibunii. Gedi, karibu na Malindi, ni mji wa mawe uliokaliwa hadi mwanzoni mwa karne ya 17 ukaachwa, msitu ukaufunika. Una kasri lake, misikiti yake, visima vyake, na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wenyeji wa pale huwaogopa wazee wa mji, masheikh waliobaki kuulinda, ambao humwapiza mwenye kuharibu. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliandika bila haya kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu nyuma ya kuta kinamtazama, kisicho rafiki wala adui. Yule hakuwa mtu wa kuogopa popo.

Tofauti ni kwamba Gedi mzimu ni mwenye mali. Analinda chake. Nafikiri hii imetokana na umbali: mji umeachwa karne nne, wanaokaa jirani hawakuwa watumwa wake wala mabwana wake, hawaudai kitu. Wanauheshimu kama unavyouheshimu mlango wa mtu usiyemjua. Dunga iko karibu mno. Bibi alizaliwa wakati bado wako wazee waliokuwa wamezaliwa utumwani, kwani hadhi ya utumwa kisheria haikuondolewa Unguja hadi mwaka 1897. Mahali palipo karibu namna hiyo mzimu hauwezi kuwa mlinzi. Unakuwa mdai.

Mtoni na Marahubi, magofu ya majumba ya Masultani, nitazipita haraka, maana zimesimuliwa hadi zimechuja. Marahubi ya Barghash ilimalizika 1882 na kuungua 1899. Wamebaki mapapasi, wale wanaowaandama watalii, na hadithi yao ya masuria 99, ambayo idadi yake haibadiliki lakini mengine yote hubadilika kwa kadiri ya bahashishi. Mtoni inafaa kutajwa kwa jambo moja. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa humo mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake akiwa Ujerumani, zikachapwa 1886. Anasema waliokuwa wakiishi na kutumikia jumbani walipita elfu moja, na anaeleza pia jinsi watu, wakubwa kwa wadogo, walivyoamini pepo na kwenda chemchemini kuweka nadhiri. Maana yake ni kwamba woga huu hatukuuanza sisi baada ya majumba kubomoka. Ulikuwamo ndani wakati taa zikiwaka na vyombo vikipakuliwa. Watu elfu moja katika nyumba moja, wengi wao wameletwa kwa nguvu kutoka pande zote, kila mmoja na maombolezo ya kwao na lugha ya kwao ya kutaja wafu: ingekuwa ajabu kama nyumba hiyo isingekuwa na pepo.

Nilisema nitakiri kwamba mara ile ya magharibi sikukaa sana pale Dunga. Sauti niliyoisikia ilikuwa ya komba. Mnyama yule mdogo mwenye macho makubwa hulia sawasawa na mtoto mchanga aliyeachwa, na gofu lenye miti ya matunda karibu ni kwao. Nilijua ni komba. Nilijiambia ni komba. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Watu wa sayansi ya mahame wana orodha ndefu ya sababu kama hii: kuta nene zinazomeza sauti ya barabara hata unajiona umezibwa masikio, boriti za mikoko zinazolia zikipoa jioni, popo, mchwa, upepo kwenye tundu la madirisha. Zote ni za kweli. Hata ukizijua zote utaulizwa bado kwa nini komba yuleyule akilia kwenye mwembe wa jirani unamtupia jiwe, akilia Dunga unasoma Ayatul Kursi. Komba ni mmoja. Mahali ndipo pametofautiana, na tofauti hiyo tumeiweka sisi, kwa kukumbuka.

Hadi hapa nimekuwa wakili wa mizimu. Sasa niseme ninachoichukia.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka ikiwa katika matengenezo yaliyokuwa yakigharimiwa na Oman. Watu wawili walikufa. Jioni ileile, kabla vumbi halijatulia, mitaani lilikuwa limeshazuka neno: nyumba imedai vichwa vyake. Watumwa wa chini ya nguzo wameamka. Niliyasikia kahawani, niliyapokea kwenye simu, nikayasikia tena msibani. Yalisemwa kwa unyenyekevu, kama vile ni heshima kwa wafu.

Haikuwa heshima. Jengo lile lilikuwa limeanza kuanguka machoni mwetu miaka mingi. Mwaka 2012 kipande chake kilishadondoka. Kila aliyekaa Forodhani na urojo mkononi aliona nyufa, aliona miti midogo imeota juu ya kuta, aliona mabati. Nyumba ya matumbawe na chokaa ina sheria yake isiyo na siri yoyote: ukuta usipopakwa lipu mpya, maji huingia, maji yakiingia, chokaa hulainika na kumomonyoka, boriti zikishika unyevu, huoza vichwani, mahali zinapokalia ukuta, ambapo huzioni. Mafundi wetu wa zamani walijua hili bila shahada, ndiyo maana nyumba zilipakwa chokaa mara kwa mara. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Miaka ishirini ilitosha.

Basi tunapowasingizia wafu, tunafanya nini? Tunamchukua yule mtumwa ambaye hakuzikwa, ambaye hakuandikwa, ambaye alibeba jiwe lile juu akiwa hai, na tunambebesha pia kosa la kuliangusha. Mzimu umekuwa hirizi ya mwenye dhamana. Hauwezi kuitwa mbele ya kamati, hauulizwi fedha zimekwenda wapi, hausaini chochote. Wale wawili waliokufa walikuwa na majina na familia, na kwa wiki nzima mji ulizungumza zaidi juu ya watu waliokufa 1883 kuliko wao. Hapo ndipo nilipoona kwamba hadithi yangu ninayoipenda inaweza kutumika kuzalisha mizimu mipya, yaani watu wengine ambao kifo chao hakitapata mwenye kukijibu.

Upande wa pili wa ubaya huo ni biashara. Siwalaumu sana waongoza watalii. Kodi ya nyumba Ng'ambo haingoji, na mgeni aliyelipa anataka kutetemeka kidogo kabla ya chakula cha mchana. Ila nimemsikiliza mmoja, kijana hodari, Kiingereza na Kitaliano vinamtoka kama maji, akiwasimulia wageni Dunga. Damu kwenye kuta, kisima, kilio usiku, vyote vilikuwamo. Wageni waliguna, wakapiga picha. Katika robo saa nzima hakusema watumwa wale walitoka wapi, karafuu zilikuwa za nani, wala soko lilifungwa lini. Bibi hakusema pia, lakini bibi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na adabu ya mtu anayepita mbele ya matanga. Kijana yule alikuwa amewafanya waliokufa wawe kionjo. Nilitaka kumsogelea nimwambie, nikakumbuka kwamba kibao penyewe hakimsaidii, maana vibao vyetu vya mahame hutaja aliyejenga kwa maana ya aliyeamuru, vikataja miaka, vikamaliza.

Wako wanaosema tuachane na mambo haya kabisa, kwamba ni ushirikina, na dini imeyakataza. Kuhusu kuabudu mizimu sina ubishi nao. Lakini sidhani kuwa bibi, aliyesali swala zake tano hadi siku aliyoshindwa kuinuka, alikuwa akiabudu kitu alipovuta kanga. Alikuwa akisoma Fatiha. Nilikuja kumuuliza nikiwa mkubwa, akashangaa kwamba nilidhani anaogopa. Akasema ni maiti wale, mwanangu, nani mwingine atawasomea?

Mara ya mwisho kwenda Dunga ilikuwa mwaka jana, kipupwe kinaanza. Barabara ni nzuri siku hizi, gari hupita kwa kasi na muziki juu, na kijana aliyekaa nami hakuinua macho kwenye simu yake tulipofika. Nilishuka. Kulikuwa na mzee anafyeka majani pembeni mwa gofu, tukaamkiana, tukazungumza mvua na bei ya mchele. Kisha nikamuuliza kama anajua ile mifupa ya kisimani, ilipotolewa, ilizikwa wapi. Alisimamisha upanga, akafikiri kwa muda.

"Hilo sijaulizwa bado," akasema. "Wanaokuja hapa huniuliza kama usiku kunasikika sauti."

Nikamuuliza anawajibu nini.

"Nawaambia mimi saa kumi na moja nakwenda zangu nyumbani."